Mrija Kutoka Trondheim

Trondheim, Norwei
Jumapili, 11 Februari 1996

Mwanangu Penina,

Mwezi huu natimiza miaka ishirini na minne tangu nilipopanda meli pale Musoma kwenda Mwanza, na kutoka Mwanza kuja huku. Siku ile ulikuwa mgongoni kwa mama yako Dafroza, ukinivuta kola ya shati. Leo wewe ni muuguzi wa zahanati, na barua yako ya mwezi wa kumi na mbili ina mwandiko mzuri kuliko wangu.

Ombi lako nimelifanyia kazi. Umesema umepewa baiskeli ya milimani, yenye gia na matairi manene, ya kukutoa Kiabakari kwenda vijiji vya vilima upande wa Butiama kuchanja watoto. Umesema boksi la chanjo linajaza keria yote, na chupa ya maji uliyoifunga kwenye fremu iliruka kwenye mawe ikapasuka. Na umesema ulimwona mgeni mmoja amebeba mfuko wa maji mgongoni, una mpira mrefu unaopita begani hadi mdomoni, naye anakunywa bila kusimama wala kuachia usukani.

Jana nilikwenda dukani. Theluji ilikuwa hadi magotini na lile duka la michezo lilikuwa tupu. Muuzaji ni mama mwenye mvi kama mimi.

"Anapanda mlima gani?" akaniuliza.

"Vilima vya Butiama," nikajibu, kana kwamba alipaswa kuvijua.

"Kwa saa ngapi?"

"Saa moja, saa moja na nusu. Anafanya kazi yake, halafu anarudi."

"Basi usimpe mkubwa. Mfuko mkubwa ni wa mtu asiyejua atarudi lini. Maji yakiwa mengi yanachezacheza mgongoni, yanamvuta kila akikata kona."

Nikaacha ule wa lita tatu, ingawa ulinivutia kwa mifuko yake mingi ya pembeni. Ya lita moja na nusu ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa na mdomo mwembamba kama wa chupa ya soda. Huo mkono hauingii, na mahali mkono usipoingia uchafu unaota. Nimekuchagulia wenye mdomo mpana. Una mkanda wa kifuani ili usikusogee ukiinama, na ni wa kijivu, maana mweusi ungepika maji kwenye jua la saa saba. Ncha ya mpira inang'atwa ndipo maji yatoke, ukiachia yanakoma. Ukiuosha, utundike mfuko wazi na mpira uning'inie mpaka ukauke kabisa.

Yule mama alinijazia maji nijaribu. Nikanywa funda moja, nikalishikilia mdomoni muda kabla ya kumeza. Akasema, "Kunywa tu, ni maji." Nikamwambia inatosha.

Ndani ya kifurushi nimeweka na sabuni sita za kuogea, mgawane na mama.

Msalimie baba yako, Kaka Bernado. Mwambie mwaka huu nasema kweli. Nikimaliza mambo machache huku, nakuja.

Baba yako mdogo,
Felisian

*

Kiabakari
28 Aprili 1996

Shikamoo Baba Mdogo,

Mfuko umefika! Niliufuata posta Musoma, karani akauliza, "Hiki ni kitu gani, mbona kama utumbo wa mbuzi?" Nikamwambia ni cha mlimani, akaniachia.

Asante kwa sabuni, lakini usikasirike nikikuchekesha. Baba Mdogo, sabuni siku hizi zimejaa! Bunda ukishuka kwenye gari wanakurushia mpaka miguuni, na redio, na viatu vya mitumba, na mafuta ya kujipaka. Ile miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha mche imekwisha. Mama amezipanga zako kabatini, anasema ni za wageni. Tena kwa kuwa zilikaa kifurushi kimoja na mfuko, maji ya siku ya kwanza yalikuwa na ladha ya sabuni, nilitema Kiabakari nzima. Nikausugua kwa limau na maji ya moto, sasa uko safi.

Ulichagua sawasawa. Wenzangu zahanati walisema ningeomba ule mkubwa, kwa nini nijinyime. Lakini kile kilima cha kwanza kina mawe kama meno, na boksi liko nyuma, nikiongeza mzigo mgongoni natembea badala ya kuendesha. Huu mdogo nausahau kabisa. Nikifika juu nimekunywa nusu, nikirudi umekwisha, na mimi nimefika.

Wanawake wa kliniki wameniua kwa kicheko. Mama Robi aliniona nang'ata ule mpira akapiga kelele: "Jamani nesi ni mgonjwa! Kajitundikia dripu na bado anaendesha!" Mwenzake akajibu, "Dripu gani? Huyo ni ndama, ila titi kalibeba mwenyewe." Tangu siku hiyo wananiita Ndama, hata wazee.

Baba Mdogo, Baba atakuandikia. Pasaka nilikwenda nyumbani Bugwema na mfuko wangu, na kuna jambo likatokea. Nimejaribu kuliandika mara mbili nikachana karatasi. Si kosa lako. Nadhani ni langu. Usome barua ya Baba ukiwa umekaa.

Mwanao,
Penina

*

Bugwema
19 Mei 1996

Ndugu Felisian,

Mrija wako tumeupokea.

Siku ya Pasaka watu walikuwa wamejaa uani, chungu cha pombe kimekaa katikati. Mrija wako ulikuwa ndani ya chungu pamoja na yetu, kama kila mara, na kigoda chako kitupu. Ule ule aliokukatia marehemu baba, wenye kichungio alichokisuka mwenyewe. Miaka yote tulikuwaga tunauchovya na hakuna mtu aliugusa kwa mdomo. Mtu akiuliza, nilikuwaga nasema, mwenyewe yuko njiani.

Penina akatoka ndani na ule mpira wako mrefu, akautundika kwenye msumari wa mirija, mbele ya watu. Mzee Kwangu, ambaye bado ndiye msimamizi wa chungu, akamwuliza, huo ni wa nani? Akasema, wa Baba Mdogo Felisian, ameutuma kutoka Ulaya.

Watu wakaondoa midomo kwenye mirija.

Labda umesahau sheria ya chungu chetu, basi nakukumbusha. Mtu akisafiri, mrija wake unabaki nyumbani na unangojewa. Akihama moja kwa moja, anamtuma mtoto wa nyumba alete mrija mwingine kutoka huko alikohamia, autundike bila maneno. Maana yake, huku nina chungu kingine, msiningoje. Ndivyo alivyofanya baba mkubwa Masatu alipohamia Tarime. Wewe ulikuwepo. Ulilia.

Mzee Kwangu akasimama, akautoa mrija wako chunguni, akaukung'uta, akaufunga pamoja na mirija ya marehemu. Halafu akaniangalia mimi. Akasema, "Bernado, miaka yote hii ulikuwa unatudanganya, au ulikuwa unadanganywa?" Nilitazama chini kama mwizi wa kuku.

Felisian, ungeniandikia mimi kwanza. Mimi ni kaka yako. Ungesema sirudi, ningekwambia sawa. Kunitumia neno kwa mkono wa mtoto, mbele ya wageni, siku ya Pasaka, hilo sikulitegemea.

Mama Penina anakusalimu.

Bernado

*

Trondheim
9 Juni 1996

Kaka yangu Bernado, shikamoo,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, kama Penina alivyonionya.

Kaka, ule si mrija. Ni mfuko wa maji. Mtu anayeendesha baiskeli anauvaa mgongoni ili anywe akiwa barabarani, na ule mpira ni njia ya maji tu. Penina aliuosha na kuutundika ukauke kwa sababu mimi nilimwelekeza hivyo. Alipoulizwa ni wa nani akajibu kwa heshima, akanitaja mimi niliyeununua. Mtoto hana neno. Wala mimi sikutuma neno.

Lakini sikuandikii ili nijisafishe. Nilikaa dukani nikipima mdomo wa mfuko, upana wa mkanda, rangi, uzito. Nilifikiri mawe na vumbi na jua. Nikaushika ule mpira mkononi, nikaweka ncha yake mdomoni, nikanyonya, na haikunijia hata kidogo kwamba natuma nyumbani kitu kirefu cha kunywea kwa mkono wa binti wa nyumba. Mtu yeyote wa Bugwema angeshtuka. Mimi ninayeishi kwa vitabu, ninayeitwa na Wazungu kuwaeleza mila za watu wa ziwa, nimesahau ya chungu cha baba yangu. Na baba mkubwa Masatu nilimlilia kweli.

Wasomee wazee barua hii. Mwambie Mzee Kwangu, kwa heshima, kwamba kaka yangu hakudanganya. Naomba mrija wangu urudishwe chunguni. Nitakuja mwezi wa kumi na mbili, tukaanze mwaka pamoja. Nimekwisha kuulizia tiketi.

Mdogo wako,
Felisian

*

Kiabakari
21 Julai 1996

Shikamoo Baba Mdogo,

Nilikuwa nashindwa kukutazama hata kwenye picha, ile ya ukutani, nikapita naangalia pembeni. Msumari ule naujua tangu utotoni. Nilitazama tu kama mpira utaning'inia vizuri. Nilikuwa najivuna, nilitaka wageni waone kitu changu cha Ulaya. Ndiyo hiyo aibu yangu, sasa umeijua.

Jumapili iliyopita Baba aliita watu, akasoma barua yako mwanzo mpaka mwisho. Alifika pale pa kuulizia tiketi akaparudia. Kisha akaniambia, "Leta huo mfuko, vaa, zunguka nao." Nikapanda baiskeli uani, nazunguka chungu, nang'ata mpira mbele ya wazee wote! Mzee Kwangu akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo huyu binti anakunywa peke yake, na chungu amekipa mgongo?"

Baba akasema, "Ni maji, Mzee. Maji hayana ujima."

"Haya, nimeelewa. Basi Felisian hajahama."

"Hajahama. Anakuja mwezi wa kumi na mbili."

"Amesema yeye, au umesema wewe?"

"Amesema yeye. Ameandika."

Nilidhani imekwisha, Baba Mdogo. Lakini Mzee Kwangu akasema mrija uliokwisha kufungwa na ya marehemu hautoki bure. Atoe mtu aliye hai wa kwake, uingie mahali pake mpaka mwenye mrija aje akae mwenyewe. Watu wakatazamana. Baba hakungoja. Akauchomoa wa kwake chunguni, akaufuta kwa shati, akauingiza katika lile fungu la marehemu kwa mkono wake. Wako ukarudi chunguni.

Mama alisema, "Bernado, na asipokuja?"

Akasema, "Mdogo wangu aliandika mwenyewe, Dafroza."

Mwezi wa kumi na mbili ukipita bila wewe, wa Baba haurudi tena. Kwa sasa hakai na wenzake. Watu wakikutana anabeba maji ya moto ya kuongezea chunguni, kazi ya vijana, anakaa nyuma karibu na ukuta. Watu wanamtania: "Bernado, tuongezee!" naye anaitika "Naam" na kukimbia. Ana furaha, Baba Mdogo. Anasema ni miezi michache. Ameanza kupaka chokaa chumba cha kulala wageni, na amemwuliza padri kama misa ya shukrani inaweza kuwa siku ya Mtakatifu Stefano.

Nakuomba uniandikie ndege inatua siku gani, nikupokee Musoma. Nitakuja na baiskeli, uone unavyobebeka mfuko wako.

Mwanao,
Penina

*

Trondheim
25 Agosti 1996

Mwanangu Penina,

Barua hii isome peke yako, kisha umpelekee Baba ile nyingine iliyomo ndani ya bahasha. Usimsomee. Mpe aisome mwenyewe, na ukae karibu.

Nina kazi moja ya kukupa, na ni ngumu kuliko vilima vyako. Jumapili watakapokutana, uoshe mfuko wako kama kawaida. Uende nyumbani, utoe ule mpira, uutundike kwenye msumari wa mirija mbele ya watu. Usiseme neno. Mara hii umetumwa. Mzee Kwangu atafanya yanayompasa.

Wakishamaliza, usiuache pale. Uchukue, urudishe kwenye mfuko, kwa sababu Jumatatu una watoto wa kuchanja. Nilikuchagulia mdogo kwa kuwa wewe ni mtu wa kwenda na kurudi. Uutumie mpaka uchakae, na wakikuita Ndama, itika.

Ile siku ya Pasaka hukukosea. Ulisema kweli kabla mimi sijawa tayari kuisema. Nisamehe kwamba ulibeba aibu iliyokuwa yangu.

Baba yako mdogo,
Felisian

*

Trondheim
25 Agosti 1996

Kaka Bernado, shikamoo,

Utoe mrija wako kwa marehemu leo hii. Mahali pale ni pa wa kwangu.

Figo zangu zilikufa mwaka 1992. Tangu hapo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nalala karibu na mashine inayotoa damu mkononi, inaisafisha, inairudisha. Nikikosa wiki, nakufa. Musoma mashine hiyo haipo, Mwanza nimeulizia, haipo. Tiketi sikuulizia. Niliandika vile kwa sababu sikuweza kuvumilia kuona mrija wangu unakung'utwa, nawe ukaenda ukaweka wako badala yake. Nilipofika hapo katika barua ya Penina nilifunika uso kwa mikono, nami nilikuwa peke yangu chumbani.

Maji napimiwa, Kaka. Nusu lita kwa siku, pamoja na chai na mchuzi. Siku ile dukani, funda nililoonja lilikuwa sehemu ya maji yangu ya siku. Sisi tulizaliwa tukinywa ziwa kwa viganja, na nilishindwa kukuandikia kwamba mtoto wa ziwani siku hizi ananyonya barafu kidogo kidogo ili kiu itulie. Niliona ningepungua mbele yako.

Lakini nisijifiche nyuma ya ugonjwa. Miaka ishirini ya kwanza nilikuwa mzima. Kwanza niliona aibu kuja mikono mitupu wakati nyinyi mnapanga foleni ya sabuni. Nilipopata cha kubeba, niliona aibu kwamba nimechelewa mazishi ya baba. Kisha niliona aibu kwa ile miaka yenyewe, na kila mwaka niliongeza mwingine juu yake. Ukamwambia kila aliyeuliza kwamba niko njiani. Hukudanganya, Kaka. Mimi ndiye niliyekudanganya, ukaamini, kwa kuwa ulikuwa kaka.

Penina atakuja na mpira ule. Mara hii ni mrija, na nimeutuma mimi. Mwambie Mzee Kwangu jibu la swali lake la Pasaka, mbele ya watu wote waliolisikia: Bernado alikuwa anadanganywa. Kisha ukae mahali pako, na anayekuita "tuongezee" aende akaongeze mwenyewe.

Kigoda changu mpe Penina akija na kiu. Akae, anywe maji yake.

Chumba ulichokipaka chokaa, laza humo wageni wengine. Padri mwambie asiningoje.

Sitarudi.

Mdogo wako,
Felisian